Nani Yuko na Daktari Mpya Usiku?

Maneno haya yalisemwa na daktari mmoja mstaafu mbele ya wazee, wazazi na vijana wa Mji Mkongwe na Ng'ambo. Tunayachapa kama alivyoyasema, ila salamu zilikuwa ndefu nasi tumezifupisha.

Bwana Mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango.

Barua niliyoletewa ilinitaka nije kuzungumza juu ya njia ya kuwa daktari. Nilipoisoma nilicheka peke yangu, kwa sababu njia hiyo hakuna mzazi wa Unguja asiyeijua. Mtoto afaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita, aingie chuo, asome miaka mitano, avae koti jeupe, na tangu siku hiyo majirani waanze kugonga mlango usiku. Hayo mnayajua na sitayarudia. Mimi nimekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo siku ya mahafali halitajwi, nalo ni mwaka wa kwanza na wa pili baada ya cheti. Nchi yetu imehangaika miaka mingi na swali moja, nalo ni vijana wetu wakasome wapi udaktari. Swali hilo, alhamdulillahi, limepata jibu. Lakini liko swali la pili ambalo tumeliacha mlangoni: kijana akishahitimu, nani atakuwa naye usiku?

Nipeni ruhusa nianze nyuma kidogo, maana vijana wengi wanadhani mambo yalianza walipozaliwa wao.

Wakati wa Mwingereza, tajiri aliweza kumpeleka mwanawe Bara Hindi au Uingereza akasome udaktari. Mtoto wa mchumaji karafuu alikuwa na mlango mmoja tu, nao ni Makerere, Uganda, na hapo awe na bahati ya pekee. Huko mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924, na wanafunzi walijifunza katika wodi za Mulago. Lakini walipomaliza hawakupewa jina la daktari. Waliitwa wasaidizi, na cheti chao hakikukubaliwa na baraza la madaktari la Uingereza mpaka mwaka 1957. Na mshahara je? Tume ya Holmes, iliyotoa taarifa yake mwaka 1948 kwa nchi zote nne za Afrika Mashariki, na Unguja ikiwemo, ilipanga Mwafrika alipwe sehemu tatu katika tano za anacholipwa Mzungu. Mpaka ilipokuja Tume ya Lidbury mwaka 1954 ndipo mpango huo ukaondolewa. Mgonjwa ni yule yule na damu ni ile ile, lakini mkono unaoizuia ulilipwa kwa rangi yake.

Nitakupeni kisa kimoja cha Tanganyika, kwa sababu kina somo letu la leo. Dakta Vedasto Kyaruzi alitoka Makerere akiwa daktari, na mwaka 1950 akachaguliwa Rais wa chama cha TAA, kile kilichokuja kugeuzwa TANU mwaka 1954. Katibu wake alikuwa Bwana Abdulwahid Sykes. Serikali ya kikoloni haikumfunga wala haikumpeleka mahkamani. Ilimpa uhamisho. Akatolewa Dar es Salaam akapelekwa hospitali ya gereza la Kingolwira, Morogoro, na baadae akasogezwa mbali zaidi, Nzega. Mnaona hila hiyo? Wagonjwa wa Nzega walikuwa na haki ya kupata daktari kama watu wengine wote. Lakini mkoloni aliifanya kazi ya shamba kuwa adhabu, na sisi tuliporithi ofisi zake tuliirithi na fikra hiyo. Hata leo, mwambie mzazi wa Malindi kuwa mwanawe daktari kapangiwa Makunduchi au Kivunge, utamsikia akiuliza, "Kwani kafanya nini?"

Basi ilipofika Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru wake, na hesabu ambayo Mwalimu Nyerere aliitaja mara nyingi ni kuwa nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Kumi na wawili, kwa nchi ile yote. Skuli ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, katika hospitali iliyokuja kuitwa Muhimbili.

Na sisi hapa, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, madaktari wengi waliondoka. Hospitali yetu kubwa ilibadilishwa jina la Karimjee Jivanjee ikaitwa V. I. Lenin, na baadae ndiyo ikawa Mnazi Mmoja hii mnayoijua. Wakaja Wachina, na tangu miaka hiyo jimbo la Jiangsu limekuwa likituletea madaktari kwa zamu, kundi likiondoka jingine likiingia. Wakaja Wajerumani wa Mashariki na Warusi. Na vijana wetu nao wakatawanywa: huyu Moscow, huyu Berlin ya Mashariki, huyu Havana, huyu Muhimbili. Rais wetu wa saba, Dakta Ali Mohamed Shein, alisoma Urusi ya Kisovieti na Uingereza, na akafanya kazi ya uchunguzi wa magonjwa hapo hapo Mnazi Mmoja. Rais wa nane, Dakta Hussein Ali Mwinyi, aliyechaguliwa mwaka 2020, alisomea udaktari Uturuki, Chuo Kikuu cha Marmara. Kwa hivyo hatuwezi kusema wakubwa wetu hawajui wodi inanuka nini.

Mwaka 2007 jambo jipya lilitokea. Kwa msaada wa Cuba na chuo chake cha tiba cha Matanzas, mafunzo ya udaktari yalianza hapa hapa Unguja, na kundi la kwanza lilimaliza mwaka 2013. Baadae kazi hiyo ikawa ya Chuo Kikuu chetu cha Taifa, SUZA, na chuo cha Mbweni, kilichotufundishia wauguzi na madaktari wasaidizi kwa miaka mingi, nacho kikaunganishwa humo. Ndiyo maana nikasema swali la kwanza limepata jibu. Mtoto wa Donge au wa Jambiani anaweza kuwa daktari bila ya kuvuka maji. Wazee walioliomba jambo hilo wengi hawakuliona, na wanastahiki dua zetu.

Sasa niacheni niseme ya kwangu.

Mimi nilipelekwa Urusi. Mwaka wa kwanza wote nilisoma lugha tu, kwa sababu kule huwezi kuingia darasa la udaktari mpaka ujue Kirusi, na baada ya hapo miaka sita ya udaktari wenyewe. Nilipoanza kusoma mwili wa binaadamu kwa kupasua maiti, nilimwandikia mama barua nikamweleza. Jibu lilichukua miezi miwili. Hakuuliza habari ya baridi wala chakula. Aliuliza, "Na huyo maiti, baada yenu, anazikwa?" Nikamjibu kuwa ndiyo, anazikwa. Barua iliyofuata ndipo alipouliza habari ya baridi. Vijana mnaosoma sasa, swali hilo la mama msilidharau, maana mtu aliyelala mbele yenu pale hakukupeni ruhusa kwa ulimi wake.

Nikarudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1980, nina cheti chenye muhuri mwekundu na maneno ambayo ofisini hakuna aliyeweza kuyasoma. Maradhi niliyajua kwa Kirusi. Faili la mgonjwa liliandikwa kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha kukisia. Na mgonjwa mwenyewe alisema Kiswahili, tena cha shamba. Baada ya miezi michache mjini nikapelekwa hospitali moja ndogo ya shamba. Jina lake sitalitaja, na wakubwa wangu wa wakati ule sitawataja vile vile. Wengine wametangulia mbele ya haki na hawawezi kujibu.

Usiku wa wiki ya pili nikaletewa mwanamke kijana juu ya gari la ng'ombe, yeye na mumewe. Nikamuuliza anaumwa nini. Mume akajibu, "Chango." Mimi mtoto wa kiume, tena wa mjini, chango niliyoijua ni ile ya kitabu cha skuli, minyoo ya tumboni. Nikamgusa tumbo, likawa linauma. Nikaandika dawa ya minyoo na dawa ya maumivu, nikamwambia alale mpaka asubuhi. Nilijiona nimefanya kazi.

Alikuwapo nesi mmoja mtu mzima, mkunga wa miaka mingi, aliyesomea kazi yake kabla mimi sijaingia darasa la kwanza. Alikuja mlangoni kwangu, nami nilikuwa nimeshavua viatu. Akaniambia, "Daktari, mwanangu, huyu si wa minyoo. Njoo umtazame midomo." Nikarudi. Midomo ilikuwa myeupe. Mapigo yake ya moyo yalikuwa mbio na hafifu, kama uzi. Nesi akamwambia mume, kwa adabu kabisa, atoke nje akatafute maji. Mume alipotoka akamwinamia yule mwanamke akamuuliza kwa sauti ndogo siku zake zina muda gani. Miezi miwili. Bega je, linauma? Linauma, la kulia, tangu magharibi. Hapo ndipo Kirusi changu chote kilipoamka kwa pamoja. Ilikuwa mimba iliyokaa nje ya mji wa uzazi, nayo imepasuka, na mama yule alikuwa akimwaga damu ndani ya tumbo lake mwenyewe huku mimi nikivua viatu.

Chumba cha kupasulia hatukuwa nacho. Tulimtundikia maji mishipa miwili, tukamwamsha mwenye lori la karibu, na nesi akapanda naye nyuma, ameshika chupa za maji juu, saa nzima na zaidi mpaka mjini. Alipasuliwa alfajiri. Akapona, na miaka baadae nilimkuta Darajani ana watoto wawili, akanisalimia kwa heshima nisiyostahiki.

Nesi aliporudi sikujua nimwambie nini. Yeye akaweka birika la chai, akakaa, akaanza kunieleza. Akasema wanawake wa shamba maumivu yote ya chini ya kitovu huyaita chango, wala hawakosei, hilo ni jina la mahali si jina la maradhi. Mwanamke hatakwambia habari ya siku zake mbele ya mumewe, wala mbele ya kijana asiyemjua. Lazima umtoe mume kwa heshima, na lazima mwanamke mwenzake awepo. Kisha akanirudisha hatua kwa hatua: alipofika ulitazama nini kwanza, kwa nini hukumgeuza macho, kwa nini hukuhesabu mapigo. Hakunitukana hata neno moja. Mpaka jua likatoka.

Sasa sikilizeni na upande wa pili. Mwezi haukupita, akaletewa kwangu mtoto wa miaka mitatu ana homa na degedege. Ilikuwa malaria, na miaka ile ilikuwa ikituulia watoto wengi. Nesi yule hakuwepo, alikuwa likizo. Nikafanya nilichokijua na mtoto akafa kabla ya alfajiri, mkononi mwa bibi yake. Asubuhi nikapanda gari mpaka mjini kwa mkubwa wangu, siyo kulalamika, nilitaka kumwuliza kitu kimoja tu: nilikosea wapi? Alikuwa na watu wengi mlangoni. Akanisikiliza akiwa amesimama, akanipiga bega, akasema, "Utazoea." Basi. Nikarudi shamba.

Sikuzoea. Niliandika barua ya kuacha kazi nikaiweka chini ya godoro, na ilikaa pale miezi minne. Aliyenizuia kuipeleka ni yule nesi aliporudi likizo, aliponiuliza habari ya mtoto yule, swali kwa swali, kama alivyoniuliza ya mwanamke. Jibu lilikuwa kwamba mambo mawili nilichelewa kuyafanya, na la tatu lisingewezekana kwa dawa tulizokuwa nazo. Kujua hivyo kuliniuma, lakini kulinipa kitu cha kushika.

Wazee wangu, hii ndiyo hoja yangu yote. Daktari anasomeshwa chuoni, lakini anafanywa daktari usiku na mtu mwingine aliyemtangulia. Akimkosa mtu huyo, mgonjwa analipa kwanza, kisha analipa yeye mwenyewe.

Mtaniambia kuwa hayo ni ya zamani. Kweli, mengi yamebadilika. Leo anayemaliza chuo haachiwi hivi hivi. Lazima afanye mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo katika hospitali iliyokubaliwa, azungukie magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, na ndipo apate usajili kamili. Hilo ni jambo jema. Maradhi nayo yamebadilika. Malaria ambayo sisi tulilala nayo, hapa Unguja na Pemba imeshushwa mpaka chini ya mtu mmoja katika kila mia, kwa dawa mseto zilizoanza kutumika mwaka 2003 na kwa vyandarua na upigaji dawa majumbani. Yuko mwanafunzi anayemaliza masomo yake na watoto wa degedege la malaria aliowaona anawahesabu kwa vidole. Badala yake anaona sukari na presha, na miguu inayokatwa. Na walimu wamekuwa wengi. Mbali ya Wachina na Wacuba, wako wa kutoka Bergen, Norway, walioshirikiana na Mnazi Mmoja kwa miaka, na wako Wahispania waliosimamisha pale kitengo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Kijana mwenye macho atajifunza kwao mengi. Lakini wageni hawa ni wa kupokezana. Na anayekuja kwa mkalimani hatamfundisha kijana wetu chango ni nini.

Tusidanganyane lakini. Sheria ya kuwa na mwaka wa mafunzo ni kitu kimoja, na mwaka wenyewe unavyokwenda ni kitu kingine. Mnakumbuka Januari 2012, Dar es Salaam. Mgomo wa madaktari uliotikisa nchi nzima haukuanza na mabingwa. Ulianza na vijana wa mafunzo kwa vitendo pale Muhimbili, waliokuwa wakidai posho zao. Ukaenea, ukazimwa, ukarudi tena, na usiku wa kuamkia Juni 27 mwaka huo kiongozi wao, Dakta Stephen Ulimboka, akatekwa, akapigwa vibaya na kutupwa katika msitu wa Mabwepande. Mimi sikuunga mkono mgomo wakati ule na siungi mkono leo, maana mgonjwa hana pa kugomea. Lakini niliwauliza wenzangu wa umri wangu swali, na hawakulipenda: ilikuwaje mpaka kijana wa chini kabisa, asiye hata na usajili kamili, akawa ndiye wa kwanza kusema? Sisi wakubwa zake tulikuwa wapi tangu mwezi wa kwanza posho ilipochelewa?

Na hapa lazima nijiseme na mimi, nisije nikaonekana nimekuja kuhukumu watu. Septemba 10, 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na mwaka uliofuata, Julai 18, ikazama Skagit karibu na Chumbe. Wengi wenu hapa mna jamaa waliopotea. Siku zile nami nilikuwa mtu mzima kazini, na chini yangu kulikuwa na vijana waliokuwa na miezi tu tangu watoke chuoni. Walifanya kazi usiku na mchana, wakapokea waliookolewa, wakapokea na maiti za watoto. Waliokwenda kiwanja cha Maisara kusaidia watu kuwatambua jamaa zao walirudi hawasemi. Mmoja wao alinijia wiki ya pili, akasimama mlangoni kwangu. Mlango wangu ulikuwa na watu. Nikamwambia, na wallahi nilisikia sauti ya yule mkubwa wangu ikitoka kinywani mwangu, "Utazoea, kijana."

Aliondoka nchini mwaka uliofuata. Sikwambieni kuwa aliondoka kwa sababu ya neno hilo, maana mtu huondoka kwa mambo mengi. Yuko Ghuba sasa, ana kazi nzuri na anamtumia mama yake pesa. Lakini mimi neno lile ninalo.

Basi watu wetu wanapouliza kwa nini madaktari vijana wanakimbilia bara, Omani na hospitali za watu binafsi, na jibu la upesi likawa "tamaa", mimi nasema ngojeni. Mshahara ni jambo kubwa, sikatai, na anayesema daktari asitake pesa ajaribu kumsomesha mmoja. Wako wanaomaliza mwaka wao wa mafunzo kisha wakakaa nyumbani wakingojea ajira, huku wodi zikiwangojea wao. Hilo ni la Serikali, na nyinyi wanachama mnaokaa katika mikutano yenu lisemeni kwa sauti. Lakini wako pia waliokuwa na kazi na mshahara, wakaondoka kwa upweke. Niliwahi kumwuliza mmoja kwa nini anaacha. Hakutaja pesa. Alisema, "Dakta, mimi sitaki kuua mtu peke yangu."

Nini kifanywe? Mimi si Waziri. Nasema ninayoyajua.

Kila daktari mpya anayepangwa shamba awe na mtu mmoja, kwa jina lake, wa kumpigia simu usiku wa manane, na mtu huyo alipwe kwa kupokea. Zamani tulikuwa na lori la jirani, leo kila mtu ana simu mfukoni, basi nini kinatushinda? Watu wanaogopa kumwamsha bingwa. Bingwa akijua kuwa kuamshwa ni sehemu ya kazi yake, na jina lake limebandikwa ukutani, ataamka. Na kila anapokufa mgonjwa ambaye hakutarajiwa kufa, watu waketi siku ile ile au ya pili yake, daktari, nesi na mkubwa wao, waulizane kama alivyoniuliza yule nesi, bila ya kutafuta wa kumtoa kafara. Kikao hicho kikigeuzwa baraza la kuadhibu, vijana watajifunza kuficha, na maradhi yaliyofichwa mnayajua mwisho wake.

Nesi wa zamani asidharauliwe. Nimeona kijana wa chuo kikuu akimwambia mkunga wa miaka 30, "Wewe andika tu ninayokwambia." Kijana huyo ana khatari kuliko maradhi. Chuoni kwetu ningependa wakunga wastaafu waalikwe kufundisha, tena kwa Kiswahili, namna ya kumuuliza mgonjwa. Kitabu cha Kiingereza kitakufundisha dalili 10 za maradhi, lakini mgonjwa wa Bumbwini hatakwambia hata moja kati ya hizo kwa maneno ya kitabu. Atakwambia ana kichomi, ana mshipa, ana safura, moyo unampapa, mwili umevunjika. Kila neno hapo lina mlango wake. Nawaambia wanafunzi, wekeni daftari dogo mfukoni, andikeni maneno hayo na mahali mlipoyasikia. La kwangu lilijaa nikanunua la pili.

Na nyinyi watu wa mitaani na vijijini mna sehemu yenu, msinitazame mimi tu. Daktari kijana akiletwa kwenu, mtafutieni nyumba karibu na hospitali yenye maji na taa. Mpelekeeni futari. Ikitokea msiba, na misiba hutokea, msimkusanyikie mlangoni na fimbo kabla hamjauliza. Na nyinyi wazazi wa mjini, mwanenu akipangiwa shamba msikimbie kwa wakubwa kumwombea abadilishiwe. Mnamwambia kwa kitendo hicho kuwa wagonjwa wa kule si watu. Mkoloni alituma madaktari mbali ili kuwakomoa, lakini sisi yule wa mbali ni shangazi yetu.

Vijana, nilisema sitakuelezeni njia, lakini moja nitaiongeza kwa kuwa najua mtaniuliza. Miaka mitano ni mirefu, na wa pili ndio hutupa watu nje, kwa sababu ni wa kukariri usiku na mchana na hujamgusa mgonjwa bado. Wengi hudhani hawana akili. Akili wanazo, wamechoka tu. Someni wawili wawili, mle vizuri, na ukishindwa mtihani mmoja usijifiche Ng'ambo kwa bibi yako wiki tatu kama alivyofanya mtu mmoja ninayemjua, ambaye sasa amesimama mbele yenu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Yule nesi alikufa miaka mingi sasa, Mungu amrehemu, akazikwa kijijini kwao, na mwanamke wa gari la ng'ombe alikuja mazikoni. Mimi nilichelewa, nikafika watu wanarudi.

Nimemaliza. Namwona yule kijana wa mlangoni amenyanyua mkono tangu nilipotaja posho. Simama, mwanangu, uliza.